Demo ya mchezo wa mashua: wengine wanasema maji yanawahi kupwa, wengine wanasema hayapwi kabisa

Mtengenezaji, Bagamoyo (aliyeuliza)

Ndugu zangu wapenzi wa michezo ya kompyuta, nawasalimu nyote. Kwa muda wa miaka miwili sasa nimekuwa nikitengeneza, peke yangu na baada ya saa za kazi, mchezo ambao mchezaji anakuwa nahodha wa mashua inayobeba mizigo kutoka hapa Bagamoyo kwenda Unguja. Nimetumia Godot, programu ya kutengenezea michezo, kwa sababu ni ya bure na inafanya kazi hata kwenye kompyuta yangu ambayo si ya leo wala ya jana. Wiki tatu zilizopita niliweka demo, yaani kipande cha kujaribia mchezo, kwenye itch.io, tovuti ya kugawia michezo, na pia nikaigawa kwa flashi kwa jamaa na marafiki wa hapa mjini ambao bando la kupakulia faili kubwa hawana.

Demo inaanza alfajiri, mashua ikiwa imekalia mchanga mbele ya forodha ya zamani, kama vyombo vinavyokaa pwani yetu maji yakiwa yamekupwa. Mchezaji anapakia mizigo, anasubiri maji yajae, anatweka tanga, na anatakiwa kutoka kabla maji hayajaanza kurudi, kwa maana ufuo wetu ni wa kina kifupi kwa mwendo mrefu na atakayechelewa atapwelewa. Baada ya hapo anavuka mkondo mpaka aione Unguja, na demo inaishia hapo. Kwenye kompyuta yangu maji huchukua dakika 12 kupwa, na safari yote haizidi dakika 20.

Maoni niliyopokea yamenichanganya kabisa. Mchezaji mmoja ameandika kwamba mchezo hauwezekani, kwani maji yanakauka kabla hajamaliza kupakia mzigo wa tatu. Siku hiyohiyo mwingine ameandika kwamba maji hayana maana yoyote, maana alipakia kila kitu, akaenda kuinjika chai, na aliporudi mashua ilikuwa ingali inaelea. Wote wawili wanazungumzia toleo lilelile. Kuna na kundi la tatu, nalo ndilo linaloniumiza zaidi: hawa wanatoka salama ufukweni, wanaielekeza omo, yaani mbele ya chombo, Unguja moja kwa moja, tanga linapigapiga, mashua inasimama, nao wanaufunga mchezo wasirudi tena. Niliketi nyuma ya mdogo wangu akicheza, nikiwa nimejizuia nisiseme neno. Alibonyeza kitufe cha kwenda mbele kwa dakika nne mfululizo, kisha akanigeukia na kuniuliza kwa upole kama kibodi imeharibika.

Swali langu ni hili. Je, nipunguze ukali wa maji, au niweke ngazi mbili za ugumu, au niondoe kabisa kubisha, yaani kwenda kwa kupinda-pinda dhidi ya upepo, ili mashua iende popote inapoelekezwa? Hili la mwisho linanikata maini, kwa sababu mchezo wenyewe ni upepo, na ukiutoa upepo nitabaki na picha ya mashua inayosukumwa kama gari. Lakini nimekusudia kuingia katika tamasha la demo la Steam, duka la michezo la mtandaoni, mwezi wa Oktoba, ada ya dola 100 nimeshalipa, na sipendi nifike huko na demo ambayo watu wanaiacha kabla hawajaiona bahari.

Mchezaji, Chumbageni

Pole na kazi, dada. Mimi ni mmoja wa wale walioufunga. Ninacheza usiku nikitoka kazini, kichwa kimechoka, na sikupenda kubaki katikati ya maji bila kujua nimekosea nini. Ushauri wangu ni uweke mshale mkubwa wa kuonyesha njia, na kitufe kimoja ambacho nikikibonyeza mashua itajiendesha yenyewe hadi karibu na Unguja, kisha mimi niendelee na biashara ya mizigo, ambayo kwa kweli niliipenda. Kusubiri bei ya nazi ipande kulinishika kuliko tanga.

Nahodha mstaafu, Tanga

Mwanangu, niliicheza demo yako jana baada ya sala ya isha, mjukuu wangu akiwa ameshika kibodi nami nikimwambia la kufanya. Nilifurahi mno kuona umekumbuka farumi ngamani, maana wengi wanaochora vyombo vyetu huchora tanga tu, wakasahau kwamba mashua tupu isiyo na uzito chini haiaminiki kwenye upepo. Basi ninayoyasema ninayasema kwa mapenzi.

Mdogo wako hakushindwa na ugumu. Hakuuona upepo. Umeuweka upepo kwenye kishale kidogo pembeni mwa skrini, na baharini hakuna kishale. Nahodha anauona upepo kwenye maji kabla haujafika kwenye tanga: mahali unapovuma uso wa bahari huingia weusi na kukunjamana, na mahali ulipokufa maji hung'aa kama mafuta. Anausikia shavuni na sikioni. Zaidi ya yote anatazama ukingo wa tanga upande wa joshi, yaani upepo unakotoka, kwa sababu ukimkaribia mno upepo, ukingo huo huanza kutetemeka kwanza, kidogo tu, nalo tanga lote bado limejaa. Mtetemeko ule ndio onyo, na mtoto wa siku mbili chomboni hufundishwa kuutazama. Katika mchezo wako tanga liko kimya kabisa mpaka limekufa lote kwa mpigo, hivyo mchezaji anapata adhabu bila kupata onyo. Mpe mtetemeko ule, mpe na sauti yake, na utaona watu wakiusogeza usukani wenyewe bila kuambiwa.

Jambo jingine, mashua yako inapobisha inageuka kama boti za mashindano za Ulaya, yaani omo inapita katikati ya upepo na tanga linahamia upande wa pili lenyewe. Mashua yenye tanga la pembe tatu na foromali ndefu, yaani boriti inayobeba tanga, haigeuzwi hivyo, kwa sababu tanga litabanwa kwenye mlingoti na chombo kitakwama hapohapo. Sisi tunalegeza demani, ile kamba ya kuvutia tanga, tunakizungusha chombo mpaka upepo uwe tezini, yaani nyuma, foromali inasimamishwa wima karibu na mlingoti na kupitishwa mbele yake kwenda upande wa pili, ndipo tanga linavutwa tena na safari inaendelea. Kazi hiyo inataka watu, inataka sauti moja ya kuamrisha, na kila ukiifanya unarudi nyuma kidogo katika njia uliyokwisha kuipata. Ukiiweka kama ilivyo, mchezaji atakuwa na jambo la kufanya kwa mikono yake kila anapogeuza, na ataanza kufikiri mara mbili kabla ya kugeuza, kama tunavyofikiri sisi.

Sasa kuhusu kumpunguzia mtu shida. Demo yako inavuma kaskazi, nami nimelijua hilo kwa kuangalia upepo unatoka wapi. Unguja mjini iko kaskazini mashariki ya Bagamoyo, kilometa 45 hivi, na kaskazi inatoka hukohuko, kwa hiyo umemkabidhi mtu asiyewahi kushika usukani safari ambayo upepo uko usoni mwake mwanzo hadi mwisho. Anayebisha kwa tanga letu huweza kusafiri mwendo mara mbili ya ule wa kunyoosha. Mwanzishe wakati wa kusi! Upepo utampiga ubavuni na kumsukuma, atafika Unguja akiwa anatabasamu, na kwenye safari ya pili au ya tatu, msimu ukishabadilika, atakutana na kaskazi akiwa tayari anajua demani ni ipi. Baba yangu alinipa usukani kwa mara ya kwanza wakati wa kusi, tena ndani ya ghuba hapa, kati ya Raskazone na kisiwa cha Toten, ambako hata ningekosea tungeishia matopeni tu. Kaskazi aliniachia mwaka uliofuata.

Ndugu wa Chumbageni hakosei anaposema amechoka. Ila asiombe mashua ijiendeshe, kwani itakuwa imemnyima kile hasa alichofungulia kompyuta.

Mwandishi wa programu, Tanga

Dada, kwenye suala la maji nadhani wachezaji wako wote wanasema kweli, na kosa liko katika mstari mmoja wa msimbo.

Nimeufungua mchezo kwenye kompyuta mbili nikiwa na saa ya simu mkononi. Ya ofisini ni ya zamani, nayo inaonyesha fremu, yaani picha za skrini, 18 kwa sekunde. Pale maji yalichukua dakika 20 kupwa. Ya nyumbani ina skrini ya fremu 144 kwa sekunde, na maji yaleyale yaliondoka kwa dakika mbili na nusu, nikapwelewa mzigo wa pili ukiwa bado mabegani mwa mchukuzi. Ukizidisha 20 kwa 18 unapata 360. Ukizidisha mbili na nusu kwa 144 unapata 360 vilevile. Wewe umesema kwako ni dakika 12, kwa hiyo nakisia kompyuta yako inaonyesha fremu 30, maana 12 mara 30 nayo ni 360.

Maana yake ni kwamba umeyapunguza maji kwa kiasi kilekile katika kila fremu, badala ya kuyapunguza kulingana na muda uliopita. Kompyuta yenye kasi inachora fremu nyingi, basi inayakausha maji haraka. Kompyuta iliyochoka inachora chache, basi bahari inachelewa. Katika Godot ile kazi inayoitwa kila fremu hupokea namba ya delta, ambayo ni muda uliopita tangu fremu iliyotangulia, ukihesabiwa kwa sekunde. Kizidishe kiasi cha kupungua kwa delta, na saa ya maji itakuwa moja kwa watu wote. Kagua pia upepo, mwendo wa wachukuzi na bei za sokoni, kwani anayefanya hivi mahali pamoja huwa amefanya na kwingine. Ningekusihi usiguse ugumu wa mchezo kabla ya kurekebisha hili, kwa sababu mpaka sasa hakuna watu wawili waliocheza mchezo mmoja, na maoni yao huwezi kuyalinganisha. Halafu katika pembe ya skrini waandikie namba ya fremu, ili mtu akikuletea lalamiko akuletee na namba hiyo.

Kuna suala la ukubwa wa faili, ambalo naona hakuna aliyelitaja. Demo ya dakika 20 haifai kuwa na zaidi ya gigabaiti moja. Nilipochungulia ndani niliona sauti ya mawimbi uliyoirekodi kwa dakika 40 imehifadhiwa kama WAV, aina ya faili isiyobanwa. Sauti ya aina hiyo, ikiwa ni ya pande mbili na ubora wa kawaida, hula megabaiti 10 hivi kwa kila dakika, yaani megabaiti 400 kwa mawimbi peke yake. Ikibadilishwa kuwa OGG, ambayo hubanwa, itashuka hadi megabaiti 40 au karibu na hapo, na sikio halitatambua tofauti kwenye spika za kompyuta mpakato. Kwa mtu anayepakua kwa bando la simu hiyo ni tofauti ya kuicheza demo yako au kuiacha.

Kuhusu tamasha la Steam, tafadhali usikimbilie Oktoba kwa sababu tu umeshalipa. Ada ile ya dola 100 ni ya mchezo, si ya tamasha. Tamasha lenyewe, Steam Next Fest, hufanyika mara tatu kwa mwaka, Februari, Juni na Oktoba, lakini mchezo mmoja huruhusiwa kushiriki mara moja tu. Ukiingia na saa ya maji iliyoharibika, nafasi hiyo hairudi.

Mwalimu, Bagamoyo

Hongera sana, jirani. Mimi nitasema juu ya lugha, kwa sababu ndiyo kazi yangu, na kwa sababu demo hii ilinifurahisha mno kwa kuwa na Kiswahili tangu menyu ya kwanza.

Kitufe cha kutunza mahali mchezaji alipofikia umekiandika "Okoa". Katika mchezo mwingine mtu angekisia maana, lakini huu ni mchezo wa bahari. Maji yalipoanza kuingia chomboni nilikibonyeza mara tatu nikitegemea kwamba ngalawa itatoka ufukweni kuja kutuchukua, na badala yake nikawa nimeitunza ile hali ya kuzama, kwa hiyo kila nilipofungua upya nilianza nikizama. Andika "Hifadhi". Vilevile "Chaguzi" inanipeleka kwenye kupiga kura. "Mipangilio" ndilo neno ambalo watu wamelizoea kwenye simu zao. Na herufi uzikuze, kwani kwenye skrini yangu ya inchi 14 bei za mizigo nilizisoma kwa kukisogeza kichwa.

Halafu kuna ule ukurasa wa msamiati. Kabla sijaona hata tone la maji, umeniwekea maneno kumi na manne na maana zake: foromali, demani, joshi, farumi, ngama, omo, tezi na mengineyo. Yupo atakayekushauri uyaondoe na kuandika "mbele" na "nyuma", kwa hoja kwamba vijana hawayajui. Nakuomba usikubali. Wanafunzi wangu wanaishi hatua chache kutoka ufukweni na wengi wao hawawezi kutaja sehemu tano za mashua, na si kwa kuwa maneno ni magumu. Ni kwa kuwa hakuna anayeyatamka mbele yao kitu chenyewe kikiwa mkononi. Mchezo wako unaweza kufanya hivyo. Baharia na apaze sauti, "Legeza demani!", na kamba yenyewe iwake kidogo wakati huohuo, na mchezaji aivute. Akishaivuta mara tatu, acha kuiwasha. Neno litakuwa limeingia kwa mkono, wala hutahitaji ukurasa.

Mtengenezaji, Bagamoyo

Nawashukuru sana, na mzee wangu wa Tanga, shikamoo. Nimekaa siku nne bila kujibu kwa sababu nilitaka nirudi na kitu nilichokifanya.

Kosa la maji lilikuwa palepale aliposema mwandishi wa programu, na fremu zangu ni 30 kama alivyokisia. Kulirekebisha kulichukua jioni moja. Nimeijaribu kwenye kompyuta yangu na kwenye kompyuta ya rafiki yenye fremu 144, na kote maji yamekupwa kwa dakika 12. Lakini nilipokagua mengine nilikuta hata mivumo ya upepo nilikuwa nimeihesabu kwa fremu, kumaanisha kwamba wale wenye kompyuta mpya walikuwa wakipigwa na upepo unaogeuka karibu mara tano zaidi ya nilivyokusudia. Baadhi yao niliwajibu kwa ukali kwamba hawana subira. Nimewaandikia mmoja mmoja kuwaomba radhi.

Safari ya kwanza sasa ni ya kusi. Tanga linatetemeka upande wa joshi kabla ya kufa, na sauti yake nimeirekodi mwenyewe asubuhi pale karibu na soko la samaki, kitambaa kikavu kikipigwa na upepo wa umande unaotoka bara. Nilimketisha mdogo wangu tena, nami nikakaa nyuma kimya kama mwanzo. Tanga lilipotetemeka aliinua kichwa, akausogeza usukani, likanyamaza. Hakuniuliza chochote. Alifika Unguja kwa dakika 17.

Kwa ndugu wa Chumbageni, kitufe cha mashua kujiendesha sitakiweka, ila nimefikiria uchovu wako na nadhani nimepata njia iliyomo ndani ya chombo chenyewe. Upepo ukiwa umetulia na mashua ikiwa imeshika njia, nahodha anaweza kumkabidhi usukani baharia mmoja na kwenda kuhesabu mizigo. Baharia atashika njia ile aliyopewa, hatabisha wala kugeuza tanga kwa niaba yako, na upepo ukibadilika atakuita. Kwa hiyo biashara ya nazi utaifanya ukiwa safarini.

"Okoa" imeondoka, na faili imeshuka hadi megabaiti 610. Herufi bado ninahangaika nazo, kwa kuwa nikizikuza zinafunika ramani. Ukurasa wa msamiati nimeufuta wote, na baharia ameanza kuita kamba kwa majina.

Kugeuza foromali ndiko kulikonibakiza nyuma. Nilikwenda ufukweni mara mbili kutazama, na nimeelewa kwamba ni kazi ya mpangilio zaidi ya kasi, lakini jinsi ya kuigawa katika vitufe sijaridhika nayo. Ninataka mchezaji ahisi kwamba anaamrisha watu watatu wenye mikono yao, si kwamba anabonyeza vitufe vitatu. Kwa sababu hiyo Oktoba nimeiacha, na nitajiandaa kwa Februari.

Toleo jipya litakuwa itch.io Jumamosi jioni, na wa hapa mjini wanaotaka kwa flashi waje nazo kesho yake baada ya alasiri. Ninawaomba mtakaocheza mniandikie mambo mawili tu: namba ya fremu iliyoko pembe ya juu kulia, na mahali hasa mlipokuwa mlipoamua kufunga mchezo, hata kama ni dakika ya kwanza. Na mzee wangu, nina swali moja. Foromali inapokuwa wima inapita mbele ya mlingoti, na chombo kimelegezwa kwenye upepo wa nyuma, ni amri gani hasa unayoitoa kwanza, na unamtazama nani kabla ya kuitoa?